Redio na Amplifaya za Zamani: Vitu Hatarishi Vilivyomo na Namna ya Kuvishughulikia kwa Usalama

Redio za vali, gramafoni za umeme, amplifaya na rekoda za tepu zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zina vitu hatarishi kwa afya ambavyo havikudhibitiwa wakati vifaa hivyo vilipoingia sokoni. Miongoni mwake ni madini ya risasi, zebaki, kadimiamu, asbesto na mafuta yenye kemikali zijulikanazo kwa kifupi kama PCB.

Kwa mwananchi mwenye kifaa cha aina hiyo nyumbani, jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba kifaa kizima, kisichovuja na kisichofunguliwa, kwa kawaida hakimdhuru mtu. Hatari huanza pale kinapofunguliwa na kupulizwa vumbi, kinapovunjwa ili kuuzwa kama chuma chakavu, au kinapochomwa moto ili kupata shaba. Kwa sababu hiyo, wanaokabiliwa na hatari kubwa zaidi si wamiliki wanaoviweka sebuleni, bali ni mafundi, wakusanyaji wa chuma chakavu na watoto wanaocheza karibu na maeneo ya kazi hizo.

Vifaa hivyo vilivyoingia nchini

Utangazaji wa redio ulianza kusikika kwa upana Tanganyika na Zanzibar mwaka 1951, ilipoanzishwa Sauti ya Dar es Salaam kwa upande wa Bara na Sauti ya Unguja kwa upande wa Visiwani. Redio za wakati huo zilitumia vali, yaani taa za kioo zisizo na hewa ndani, ambazo hupata joto kali zinapofanya kazi. Redio za transista, zilizo ndogo na zinazotumia betri za kawaida, zilianza kuuzwa duniani mwaka 1954 na baadaye zikachukua nafasi ya redio za vali katika kaya nyingi.

Redio za vali hazikutoweka zote. Nyingine zimerithiwa katika familia, nyingine zimo stoo za taasisi, kumbi za starehe na nyumba za ibada, na nyingine huuzwa katika maduka ya vitu vilivyotumika. Amplifaya za vali hutafutwa pia na wanamuziki kutokana na aina ya sauti zinayotoa. Hivyo fundi wa leo bado anaweza kuletewa kifaa chenye umri wa miaka 60 au zaidi, bila maelezo yoyote kuhusu kilichomo ndani.

Madini ya risasi katika lehemu

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, vipuri vya vifaa vya kielektroniki viliunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi. Aina iliyotumika sana ilikuwa na bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia matumizi ya risasi katika vifaa vipya vya umeme na elektroniki tarehe 1 Julai 2006, kwa kuweka kikomo cha asilimia 0.1 ya uzito wa kila malighafi, na watengenezaji wengi duniani wakafuata utaratibu huo. Kifaa kilichotengenezwa kabla ya hapo kichukuliwe kuwa kina risasi.

Mafundi wengi huamini kwamba risasi huingia mwilini kupitia moshi wa kulehemu. Ukweli ni kwamba lehemu ya aina hiyo huyeyuka katika nyuzi joto zinazokaribia 190 za Selsiasi, na kifaa cha kulehemu kwa kawaida hufanya kazi kati ya nyuzi 300 na 400. Joto hilo halitoshi kuigeuza risasi kuwa mvuke kwa wingi. Moshi unaoonekana hutokana zaidi na utomvu wa msonobari unaochanganywa katika lehemu, na moshi huo unaweza kusababisha ugonjwa wa pumu kwa anayeuvuta kila siku. Risasi yenyewe huingia zaidi kupitia mikono. Fundi hushika lehemu, hufuta ubao wa saketi kwa vidole, kisha hula, huvuta sigara au humshika mtoto kabla ya kunawa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kutokana na chanzo kilekile, watoto wadogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima, na madhara yake katika ukuaji wa ubongo hayarekebishiki. Kwa msingi huo, meza ya fundi isiwe meza ya chakula, na banda la ufundi lililo barazani lisiwe mahali pa watoto kutambaa na kuchezea.

Asbesto ndani ya kasha la mbao

Watanzania wengi wanaifahamu asbesto kwa vigae vya kuezekea. Wachache wanajua kwamba iliwekwa pia ndani ya redio. Kwa kuwa vali hupata joto kali, baadhi ya watengenezaji walibandika karatasi au ubao mwembamba wa asbesto, wenye rangi nyeupe au ya kijivu, upande wa ndani wa kasha juu ya vali ili mbao isiungue. Katika baadhi ya redio, nyuzi za asbesto zilitumika pia ndani ya waya wa umeme uliotengenezwa makusudi ili kupunguza volti.

Asbesto iliyotulia haina madhara ya haraka. Ikichakaa na kusuguliwa, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho ambazo zikivutwa hubaki katika mapafu. Asbesto husababisha kovu la mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaozunguka mapafu. Magonjwa hayo huchukua miaka mingi kujitokeza, mara nyingi miongo kadhaa, na ndiyo maana fundi anaweza kufanya kazi kwa muda mrefu akidhani hakuna tatizo.

Desturi ya kusafisha redio kuukuu kwa kupuliza upepo wa pampu au kwa brashi kavu ndiyo inayohitaji kubadilika kwanza. Kabla ya kupuliza, fundi anapaswa kuangalia sehemu ya juu ya kasha na kifuniko cha nyuma. Akiona karatasi nyeupe au ya kijivu iliyobandikwa, asiikwangue, asiichane wala asiipulize. Ikiwa iko katika hali nzuri, iachwe ilivyo. Ikiwa inachanika, kifaa kifungwe ndani ya mfuko mzito wa plastiki na kazi isiendelee hadi ushauri wa wataalamu upatikane. Barakoa za kitambaa hazizuii nyuzi hizo.

Kapasita zenye mafuta ya PCB

PCB ni kundi la kemikali zenye klorini zilizoanza kutengenezwa kibiashara nchini Marekani mwaka 1929. Zilipendwa kwa sababu haziwaki kwa urahisi na hazipitishi umeme, hivyo zikajazwa ndani ya transfoma na kapasita. Sifa hiyo ya kutoharibika ndiyo iliyozifanya ziwe tatizo, kwa kuwa hudumu katika udongo na maji kwa miaka mingi na hujikusanya katika mafuta ya mwili wa samaki, wanyama na binadamu.

Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, mafuta ya kula ya pumba za mpunga yalichanganyika na PCB kiwandani na kusababisha watu wengi kuugua, wakiwa na vipele vikali vya ngozi pamoja na madhara yaliyodumu kwa miaka mingi. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Mwaka 2013, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliziweka PCB katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Katika amplifaya na redio za zamani, PCB huweza kupatikana katika kapasita za kopo la chuma lililozibwa, zenye karatasi iliyoloweshwa mafuta. Kapasita za alumini zenye umbo la mcheduara, ambazo fundi huzibadilisha mara kwa mara, kwa kawaida hutumia kimiminika cha aina nyingine. Kwa kuwa kapasita nyingi za zamani hazina maandishi yanayotaja kilichomo, kanuni salama ni kuichukulia kila kapasita ya kopo la chuma yenye mafuta, iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1980, kuwa ina PCB hadi itakapothibitishwa vinginevyo.

Kapasita ndogo za karatasi zilizofunikwa kwa nta nazo zinahitaji tahadhari. Baadhi zililoweshwa nta yenye naftalini zilizotiwa klorini, ambazo huleta vipele vya ngozi na ambazo mwaka 2015 ziliongezwa katika orodha ya kemikali zinazodhibitiwa na Mkataba wa Stockholm kuhusu kemikali zinazodumu katika mazingira.

Mafuta yanayovuja kutoka katika kapasita yasiguswe kwa mikono mitupu, yasifutwe kwa kitambaa kitakachofuliwa pamoja na nguo nyingine, na yasitumike kwa kazi yoyote. Angalizo hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako kumewahi kuripotiwa wizi wa mafuta ya transfoma za umeme na matumizi yake katika kukaangia vyakula.

Rektifaya za seleniamu

Redio nyingi za kati ya miaka ya 1940 na 1960 zina rektifaya ya seleniamu, yaani kipuri kinachogeuza mkondo geu wa umeme kuwa mkondo mnyoofu. Hutambulika kwa urahisi, kwani huonekana kama vibamba vya chuma vya mraba vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja, kimoja nyuma ya kingine.

Kipuri hicho huchakaa hata kama redio haitumiki. Redio iliyokaa stoo kwa miaka mingi inapochomekwa katika umeme ghafla, rektifaya inaweza kuungua na kutoa moshi wenye harufu kali inayofanana na ya kabeji iliyooza au kitunguu saumu. Moshi huo una misombo ya seleniamu yenye sumu inayodhuru njia ya hewa. Ikitokea hivyo, umeme uzimwe katika swichi, watu wote watoke, madirisha yafunguliwe na chumba kisitumike hadi harufu iishe. Ni vyema fundi aibadilishe rektifaya hiyo kwa dayodi ya silikoni pamoja na rezista inayofaa kabla ya redio kuwashwa.

Kadimiamu, zebaki na beriliamu

Fremu za chuma za baadhi ya redio na amplifaya zilipakwa tabaka la kadimiamu ili zisishike kutu. Tabaka hilo likizeeka linaweza kufanya unga mweupe au wa manjano. Unga huo usisuguliwe kwa msasa wala usipulizwe, na fremu isichomelewe wala kulehemiwa kwa moto wa gesi, kwa kuwa mvuke wa kadimiamu huunguza mapafu na unaweza kuua. Kadimiamu iliyoingia mwilini hukaa katika figo kwa miaka mingi.

Zebaki haipatikani katika redio nyingi za nyumbani. Hupatikana katika baadhi ya vali kubwa za mitambo ya kurushia matangazo, ambazo hung'aa kwa rangi ya buluu zinapofanya kazi na huonesha matone ya fedha ndani ya kioo. Vali hizo zifungwe vizuri zisivunjike. Ikivunjika moja, eneo lisifagiliwe kwa ufagio, kwa kuwa ufagio hutawanya matone na kuongeza mvuke.

Beriliamu nayo huhusu zaidi transista kubwa za mitambo ya kurushia matangazo, zenye kitako cha kauri nyeupe. Kauri hiyo ikiwa nzima haina madhara. Ikisagwa, ikikatwa kwa msumeno au ikivunjwa kwa nyundo hutoa vumbi linaloleta ugonjwa sugu wa mapafu usiotibika. Mafundi wa vituo vya redio wanaoondoa mitambo chakavu wanapaswa kuiacha transista ikiwa kamili.

Rangi inayong'aa gizani

Baadhi ya redio za kijeshi na vifaa vya mawasiliano vya enzi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia zina mishale, namba au swichi zilizopakwa rangi yenye radiamu ili zionekane gizani. Rangi hiyo huenda imeacha kung'aa, lakini mionzi haijaisha, kwani huchukua takribani miaka 1,600 kwa radiamu kupungua kufikia nusu ya kiasi chake.

Madhara yake yalifahamika katika miaka ya 1920 nchini Marekani, pale wanawake waliokuwa wakipaka rangi hiyo katika saa, huku wakinyoosha brashi kwa midomo, walipougua magonjwa ya mifupa na saratani. Kioo kinachofunika rangi hiyo kisifunguliwe na rangi isikwanguliwe. Mwenye kifaa anachokitilia shaka awasiliane na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC), ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 ndiyo yenye dhamana ya kudhibiti vyanzo vya mionzi.

Betri zilizovuja na umeme uliobaki

Betri zilizosahauliwa ndani ya redio ya transista huvuja na kuacha ukoko mweupe au wa kijani. Kimiminika chake huunguza ngozi na macho, na betri za miaka ya nyuma ziliwekwa pia zebaki kidogo. Betri hizo zisichomwe, zisipasuliwe, wala unga wake mweusi usitumike kupakia ubao wa shule au kitu kingine chochote.

Hatari nyingine si ya kemikali, lakini ndiyo inayoua kwa haraka zaidi. Amplifaya ya vali hutumia volti 300 au zaidi, na kapasita zake zinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Aidha, baadhi ya redio za vali hazina transfoma ya kutenganisha umeme, hivyo fremu yake ya chuma inaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Asiye fundi asifungue kifuniko cha nyuma.

Kuchoma ndiko kunakoeneza madhara

Vitu vyote vilivyotajwa hapo juu vina udhibiti fulani vikiwa ndani ya kifaa. Moto huondoa udhibiti huo. Kuchoma nyaya zenye ganda la plastiki ili kupata shaba huzalisha dioksini, PCB zikiungua huzalisha furani zenye sumu kali kuliko PCB zenyewe, na bao za saketi zikiungua kwenye jalala hutoa risasi inayotua katika udongo, mboga na visima vya jirani. Thamani ya shaba iliyopatikana huishia kwa mchomaji, ilhali majivu hubaki kwa mtaa mzima.

Ukubwa wa tatizo hili ni wa kidunia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inaonesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi.

Sheria na mikataba inayohusika

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo msingi wa udhibiti wa taka hatarishi, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) limepewa jukumu la kusimamia utekelezaji wake. Mwaka 2021 zilitolewa kanuni mahsusi za udhibiti na usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki, ambazo zinataka shughuli za taka hizo zifanywe na wenye vibali. Usalama wa mafundi mahali pa kazi uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Kimataifa, Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, uliweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa matumizi ya vifaa vyenye PCB na mwaka 2028 kuwa lengo la kuziondoa taka zake kwa njia salama. Hata hivyo, kipaumbele cha mkataba huo kipo katika vifaa vikubwa, kama transfoma za umeme zenye zaidi ya lita 5 za kimiminika. Kapasita ya redio huwa na kiasi kidogo mno ukilinganisha na hicho, na hivyo ukaguzi wa vifaa vikubwa hauifikii kwa urahisi. Usalama wake hutegemea zaidi uamuzi wa mmiliki na wa fundi.

Kuhusu biashara ya kuvuka mipaka, Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 unakataza kuingiza taka hatarishi barani Afrika. Vilevile, marekebisho ya Mkataba wa Basel yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yanataka taka zote za kielektroniki zisisafirishwe kwenda nchi nyingine bila ridhaa ya nchi zinazozipokea. Waagizaji wa amplifaya na spika zilizotumika wanapaswa kuhakikisha kuwa wanacholeta ni kifaa kinachofanya kazi, si taka.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mmiliki:

- Redio au amplifaya ya zamani iliyo nzima inaweza kuendelea kuhifadhiwa kama kumbukumbu. Ifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji kidogo, upande wa nje tu na ikiwa imechomolewa katika umeme.
- Kifaa kilichokaa miaka mingi bila kutumika kisichomekwe katika umeme kabla ya kukaguliwa na fundi.
- Betri zitolewe kabla ya kuhifadhi kifaa.
- Kifaa kisitupwe katika shimo la taka la nyumbani, kisichomwe na wala kisiuzwe kwa mtu anayekivunja barabarani. Kikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali. Ofisi ya mazingira ya halmashauri au ofisi ya kanda ya NEMC iulizwe kuhusu mkusanyaji aliye karibu.

Kwa fundi:

- Kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, chakula na watoto.
- Mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.
- Kasha likaguliwe kama lina asbesto kabla ya kupuliza au kupiga brashi.
- Kapasita zinazovuja zishikwe kwa glavu zisizopitisha mafuta, ziwekwe katika chombo kinachofungwa na kuandikwa kilichomo, kisha zikabidhiwe kwa wenye vibali.
- Umeme uliobaki katika kapasita uondolewe na upimwe kabla ya kugusa saketi.

Kwa mkusanyaji wa chuma chakavu:

- Vali, kapasita za kopo na vipuri vya kauri visipondwe.
- Nyaya zimenywe kwa kisu au mashine badala ya kuchomwa.

Mtu aliyevuta moshi wa kifaa kilichoungua, aliyeguswa na mafuta ya kapasita au mwenye mtoto aliyemeza kipuri afike katika kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa, na amweleze mtoa huduma ni kifaa gani kilihusika. Maelezo hayo humsaidia mtaalamu kujua sumu anayopaswa kuishughulikia.